Mama kapooza, fizio yupo kilomita 180. Huku kwenye kata wataalamu wa viungo wanafika lini?

MleziWaKusini

Wakuu, salaam. Miaka yote humu ndani nimekuwa msomaji tu, leo imebidi niandike.

Mwezi wa pili mama alianguka jikoni akikuna nazi. Upande wa kulia ukalala wote, mkono na mguu, na maneno yakagoma kutoka. Tukamkimbiza kituo cha afya cha kata, wakatupa rufaa kwenda wilayani, akalazwa siku tisa. Presha ikashuka, mpira wa mkojo ukatolewa, tukaruhusiwa. Kwenye karatasi mlikuwa na dawa tatu na mstari mmoja chini kabisa: "Afanye mazoezi. Aonwe na fizio."

Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yuko hospitali ya mkoa. Kutoka kijijini kwetu ni kilomita 180. Boda mama hawezi kupanda, kwa hiyo bajaji hadi barabara kuu ni 15,000, na kurudi hivyo hivyo. Basi ni 12,000 kila kichwa, na hawezi kwenda peke yake. Jumla 78,000 kwa safari moja, hapo hamjala wala kulala. Tulichangishana, tukaenda mwezi wa nne. Foleni ilikuwa imejaa hadi nje ya korido. Dada wa watu alikaa na mama kama dakika ishirini, akatuambia turudi mara tatu kwa wiki. Nikacheka. Sikumdharau, nilishindwa tu kujizuia.

Ila katika dakika hizo ishirini alinionyesha jambo ambalo halijanitoka. Alimkalisha mama kitandani, akamvua kanga begani, akaniambia weka kidole hapa. Kidole kikazama. Kati ya mfupa wa bega na mkono palikuwa na shimo. "Mmekuwa mnamvuta kwa mkono huu mkimnyanyua?" Wakuu, miezi miwili tulikuwa tunamnyanyua kwa mkono huo huo. Mimi, shemeji, wadogo zangu, kila mtu. Na kila tukimvuta alikuwa analia, sisi tukidhani ni uchungu wa ugonjwa.

Hakuna aliyetuambia. Wodini siku tisa, hakuna. Sasa naomba kuuliza, hususan nyie mlioko kwenye afya: hivi mtu mmoja wa kufundisha familia jinsi ya kumgeuza mgonjwa hawezi kukaa kwenye kituo cha afya cha kata? Ni gharama kubwa kiasi hicho?

Kibwengo77

Pole sana mkuu. Nimeweka kiti hapa, nasubiri wataalamu.

TabibuWaKata

Pole ndugu. Mimi ni mmoja wa hao wanaoandika "afanye mazoezi", kwa hiyo nijibu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nipo kituo cha afya, kata ya mbali. Chuoni mambo ya viungo niliyapitia kwa juu juu sana. Mgonjwa wa kiharusi akija najua presha, najua sukari, najua lini nimpe rufaa. Akirudi kutoka wilayani kapooza, ukweli ni kwamba sijui nimfanyie nini. Ninapoandika "mazoezi" maana yake hiyo kazi nimeitupa kwa mtu mwingine, na huyo mtu kituoni kwangu hayupo. Mwisho inamwangukia binti wa mgonjwa.

Jambo lingine watu hawalisemi. Kituo chetu kimepata chumba cha upasuaji, siku hizi tunafanya upasuaji wa kujifungua hapa hapa. Ni hatua kubwa, mama waliokuwa wanafia njiani sasa wanapona. Watoto waliozaliwa wamechoka, hawalii, tunawapuliza hewa wanarudi. Baadhi yao nakutana nao tena baada ya mwaka kwenye kliniki ya chanjo: shingo haijakaza, mikono imekunja ngumi, mama yake anasema "bado hajakaa daktari, babu yake naye alichelewa." Tumemwokoa yule mtoto, kisha tukamwacha mlangoni. Kadiri tunavyozidi kuwa hodari wa kuokoa, ndivyo wanavyoongezeka wanaohitaji mtu wa kuwafundisha kukaa, kula na kutembea.

Halafu kuna bodaboda. Tukae kimya tu kuhusu bodaboda.

FizioBilaKituo

Nimeitwa na rafiki nisome huu uzi. Nina stashahada ya fiziotherapia, nilisomea Moshi, KCMC. Mwaka wa tatu huu sina ajira ya serikali. Najishikiza kliniki binafsi Dar, nanyoosha viuno vya watu wanaokaa kwenye viti vya ofisi kutwa. Nafasi zikitangazwa, wauguzi na matabibu wanahesabiwa kwa mamia, sisi unatafuta mstari wetu kwa tochi. Watoa tiba kwa vitendo ndio kabisa, wananchi wengi hata jina la kada hiyo hawajawahi kulisikia. (Ndio wanaokufundisha kuvaa shati kwa mkono mmoja, kupika, kurudi kwenye kazi zako. Kwa mama yako ni muhimu kama mimi, pengine kunizidi.)

Kwanza mgonjwa, siasa baadaye. MleziWaKusini, fanyeni haya kuanzia leo:

Mkono ule usivutwe tena, na msimshike kwapani. Mkimnyanyua, mmoja asimame mbele yake, ashike mkanda au kanga iliyofungwa kiunoni, magoti yenu yagusane, ahesabu tatu, mama ainame mbele pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Akikaa, mkono ulale juu ya mto mapajani, usining'inie. Akilala, ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Uji asinyweshwe akiwa amelala chali, akae wima, kijiko kidogo kidogo. Akikohoa kila anapomeza, mrudisheni kwa tabibu, maana uji unaweza kuwa unaelekea mapafuni.

Kisha mazoezi. Kila siku akae kwenye kiti kigumu ainuke, akae, ainuke. Anza na mara tano. Mpe kitambaa afute meza kwa mikono yote miwili, mzima ukiubeba mgonjwa. Asilale kutwa. Miezi ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza upya kwa kasi, lakini hata sasa hamjachelewa.

Nimetumia dakika nne kuandika. Ndiyo maana roho inaniuma.

MzeeWaUdaku

Mnahangaika bure. Tafuteni mzee anayejua kuchua, mafuta ya nyonyo na mchanga wa moto, wiki mbili anatembea. Babu yangu alipona hivyo.

FizioBilaKituo

Mchanga wa moto kwenye ngozi isiyohisi? Mzee, nimeona vidonda vya hivyo, sitaki hata kuvielezea. Na fizio si mkandaji, naomba hilo lieleweke. Hatukanyagi watu mgongo.

TabibuWaKata

Fizio usikasirike. Mzee wa kuchua simwungi mkono kwa mchanga wake, ila ana jambo moja analotushinda wote. Anakuja nyumbani. Anakaa kwenye mkeka, anakunywa chai, anamshika mgonjwa nusu saa, kesho anarudi. Sisi tunamwandikia mtu aliyepooza asafiri.

AfisaMipango_Mstaafu

Niwape picha ya upande wa pili wa meza, nilikuwa halmashauri miaka mingi.

Mnasema serikali iajiri. Sawa. Mimi nikikaa kwenye kikao cha bajeti napewa fungu dogo, upande mmoja mganga mkuu wa wilaya anataka mkunga kwa zahanati yenye muuguzi mmoja, upande mwingine wewe unataka fizio. Nani ananiletea takwimu? Mkunga ana idadi ya waliojifungua. Fizio ananiletea huruma. Huruma haipiti kwenye kikao.

Na tuseme tumempeleka kituo cha kata. Siku nyingine atakaa bila mgonjwa, mwisho mfawidhi atamweka dirishani agawe kadi.

TabibuWaKata

Mzee wangu, takwimu hazipo kwa sababu hakuna pa kuziandika. Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ninachojaza kila siku kinahesabu magonjwa: malaria, nimonia, presha. Mama wa mleta mada akija kwangu naandika presha. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba hawezi kwenda chooni mwenyewe. Mwezi ukiisha nakutumia ripoti, wewe unaona wagonjwa wa presha 60, unatuma dawa za presha. Umefanya kazi yako sawasawa kwa kilichoandikwa.

Hili la wagonjwa wachache nalikataa. Niliwahi kuhesabu kwa wiki moja, kwa kalamu yangu, pembeni ya daftari. Waliokuja na migongo, magoti, mikono iliyovunjika na kufungwa vibaya, kisukari na miguu isiyohisi, watoto waliochelewa kukaa. Niliacha siku ya nne, ukurasa ulijaa.

AfisaMipango_Mstaafu

Hapo umenigusa. Kitabu hicho ungekileta kwangu enzi zile tungezungumza.

FizioBilaKituo

Na tusijifanye ni jambo geni. Azimio la Alma-Ata la 1978, lililoweka msingi wa afya ya msingi duniani, lilitaja kuelimisha, kukinga, kutibu na utengamao (kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake), yote manne kwa pamoja. Sisi tukachukua matatu. Hata leo viongozi wakihutubia wanasema "kinga, tiba, utengamao na tiba shufaa" (ya kupunguza maumivu kwa wagonjwa mahututi), neno linatamkwa vizuri kabisa kwenye kipaza sauti.

WHO (Shirika la Afya Duniani) wanakadiria watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo utengamao ungewasaidia, yaani karibu mtu mmoja kati ya watatu. Na wanasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hazifikishi wataalamu 10 kwa kila watu milioni. Sasa tuchukue sensa yetu ya Tanzania ya 2022, watu 61,741,120. Kumi kwa milioni ni wataalamu 617 nchi nzima, fizio na watu wa viungo bandia wote humo. Ukiwagawa kwa halmashauri 184 unapata watatu na kidogo kila moja. Na hicho ndicho kiwango ambacho dunia inakiita kidogo mno! Ila mimi ukinipa watatu kila halmashauri, wasiorundikana mjini, nitapiga vigelegele.

Vyuo tunavyo. TATCOT pale Moshi inafundisha watengenezaji wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika. Tunafundisha wa wenzetu, wetu wanatafuta kazi.

Mama_Neema

Naomba na mimi niseme, sijui lugha ya kitaalamu.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka sita. Alizaliwa hajalia. Mpaka miaka miwili nilikuwa namlisha kwa kumlaza kichwa nyuma na kummiminia, ndivyo bibi alivyonifundisha. Kila mwezi nimonia. Kila mwezi sindano. Nikajua ndiyo maisha yake.

Siku moja wakaja watu wa huduma ya mkoba, wale wanaowafuata wagonjwa vijijini, pale zahanati, pamoja nao kijana mmoja fizio. Akanifundisha kumkalisha kwenye kona ya ukuta, nimezungushia godoro, kichwa kiiname kidogo mbele, nimlishe nikiwa usawa wa macho yake. Basi. Nimonia zikapungua hadi nikasahau. Yule kijana hakurudi tena, nadhani mradi uliisha.

Sasa tuko kina mama saba, tunakutana Alhamisi chini ya mwembe wa zahanati. Nawafundisha nilichokiona. Muuguzi anatuacha tutumie benchi. Lakini kila mtoto yuko tofauti, mmoja amekaza, mwingine amelegea kama nguo, na mimi najua wa kwangu tu. Wakiniuliza najibu kwa kubahatisha. Naogopa.

FizioBilaKituo

Mama Neema, nimesoma mara mbili. Hapa ndipo huwa napata kigugumizi. Nimekuwa mkali sana kwa wanaosema kazi yetu wafundishwe watu wengine, maana naona ni njia ya kukwepa kutuajiri. Ila wewe ulifanya kwa sababu hakukuwa na mtu.

WaKando ya Ziwa

Nachangia kutoka Kisumu. Huku Kenya tuko na Physiotherapy Council (baraza la mafizio) kwa sheria ya 2014, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inatoa wataalamu kila mwaka. Lakini wengi wako hospitali za level four (za kaunti ndogo) kwenda juu. Dispensari ya kijijini hakuna.

Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, ya kupima sukari, na kadhalika. Kitu kizuri, sina neno. Jirani yangu alipimwa presha mlangoni mwake. Lakini akishapooza, mhudumu yule yule anapita pale nyumbani, anapima presha, anaandika kwa simu, anaenda. Mgonjwa amelala upande ule ule tangu asubuhi. Si ubaya wake, hakufundishwa aangalie hilo.

TabibuWaKata

Na kwetu ndiyo tunaanza. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao watakuwa wanaingia ndani ya nyumba. Kama wangefundishwa hata siku tatu kumgeuza aliyepooza, kumkalisha mtoto, kutambua mguu kifundo kwa mtoto mchanga!

Mguu kifundo ndio unaoniuma zaidi kuliko yote. Mtoto akionekana siku ya kwanza, plasta hubadilishwa kila wiki, mara tano au sita, wengi wakakatwa kano kidogo kisiginoni, halafu viatu vyenye chuma katikati saa 23 kwa siku miezi mitatu, baadaye usiku tu mpaka afike miaka minne hivi. Anacheza mpira. Asipoonekana anatembelea upande wa juu wa unyayo maisha yake yote. Tofauti ni mtu mmoja aliyefunua shuka akaangalia miguu.

FizioBilaKituo

Nakubali, kwa sharti. Mhudumu wa jamii aone, aripoti, asimamie mazoezi aliyopewa. Asipange yeye. Na nyuma yake awepo mtu wa kumpigia. Mkimwacha peke yake atakuwa Mama Neema wa pili, anajibu kwa kuogopa.

Pendekezo langu, AfisaMipango aje alikosoe: msinifunge kituo kimoja. Nipeni wilaya nzima na pikipiki. Kila kituo cha afya nina siku yangu ya mwezi, inajulikana na wote kama inavyojulikana siku ya kliniki ya wajawazito. Jumatatu kata hii, Jumanne ile. Nikifika, wahudumu wameshanikusanyia watu, na wasioweza kuja nafuatwa kwao. Fizio wa mkoba. Hapo hutaniweka dirishani kugawa kadi.

Afrika Kusini tangu 2003 mhitimu wa fizio lazima atumikie mwaka mmoja kwenye vituo vya umma kabla hajaachiwa afanye kazi anakotaka. Sisi hata tusipolazimishwa tupo, tunasubiri kuitwa.

AfisaMipango_Mstaafu

Pikipiki moja, mafuta, posho ya kulala nje siku kumi za mwezi, mshahara wa daraja la kuanzia. Hiyo inaandikika. Mapato ya ndani ya halmashauri yenye korosho au ufuta yanaweza kumbeba mtu wa mkataba huku kibali cha ajira kikisubiriwa. Kinachoua ni mafuta. Robo ya tatu ya mwaka mafuta huwa yanaisha kwa kila kitu, hata gari la wagonjwa. Mimi ningeandika aende na gari la chanjo, linatoka hata hivyo.

MzeeWaUdaku

Sasa hapo mmeongea. Mchanga nimeufuta.

Kibwengo77

😂 Mzee umesalimu amri.

MleziWaKusini (baada ya wiki tano)

Wakuu narudi kutoa mrejesho, maana nyuzi nyingi humu mleta mada hupotea.

FizioBilaKituo alinitafuta pembeni. Mara nne tumepigiana simu ya video, mtandao ukiwa mzuri, mimi nikiwa nimepanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba na mama kwenye kiti chini yake. Hajadai hata senti, vocha nilimtumia kwa nguvu. Bega halilii tena anapoinuliwa. Kuinuka kwenye kiti amefika mara kumi na mbili bila kushikwa, anahesabu mwenyewe, na hesabu ndiyo maneno yaliyorudi kwanza: moja, mbili, tatu, halafu anatukana kidogo. Neno "mbuzi" limerudi zuri kabisa.

Mhudumu wa kitongoji chetu nilimwita aone. Sasa anapita Jumamosi, na ameniambia kuna mzee mwingine ng'ambo ya mto yuko vile vile tangu mwaka juzi, anavutwa mkono.

Siri ya aibu: wodini kule wilayani nilirudi kumwona muuguzi mmoja aliyekuwa mwema kwetu, nikamwonyesha video ya kumnyanyua mama kwa kanga. Akaita wenzake wawili. Akasema, "hatukuwahi kuonyeshwa."

Jana tumejenga vyuma vya kutembelea uani, ila siyo vyuma, ni miti minne ya mikwaju na mianzi miwili mirefu, kama fizio alivyochora. Tumeikata mirefu mno, mama akishika mabega yanapanda masikioni. Anacheka, anaonyesha kwa mkono mzima, anasema "goli".

FizioBilaKituo

Msimvushe hivyo, ataumia bega tena. Msimamishe mama, viatu vikiwa miguuni, mikono imelegea chini. Pima kutoka ardhini hadi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapovaliwa. Hapo ndipo mwanzi unalala. Kateni miti, msichimbe zaidi, shimo likilegea ataanguka nao. Nitumie picha kabla hajashika.

TabibuWaKata

Na mimi nitumie hiyo picha. Nyuma ya maabara hapa kituoni nina mianzi.